Wasusi wa vyondo wananyonywa

Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie jinsi madalali wanavyowanyonya wasusi wa vyondo huku kwetu Kianjokoma, Embu.

Kiondo si kazi ya siku moja. Mkonge kutoka nyanda kavu za Mbeere huchanwa, hukaushwa, husokotwa kwa kiganja juu ya paja na kutiwa rangi, ndipo ususi uanze. Disemba iliyopita shangazi yangu alimuuzia dalali vyondo vyake kwa bei isiyotosha hata kununulia mikanda ya ngozi ya kuvibebea. Baadaye nilikuta vya aina hiyo hiyo katika duka moja la watalii Nairobi, bei imepanda mara kadhaa, na kibandiko kikisema tu “Kazi ya Afrika”. Embu haikutajwa popote.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti utamaduni, masoko na vyama vya ushirika. Basi tunaomba kaunti yetu iwasaidie wasusi kuunda ushirika wao, kama walivyo nao wakulima wa kahawa, na kibandiko chenye jina la Embu. Wasomaji wa Meru na Tharaka, kwenu mambo yakoje? Tujibuni.

Msomaji,
Kianjokoma, Embu