Mkojo wa Papa

Hapa Shituru, Likasi, muuguzi alichovya kijikaratasi cha kupimia protini kwenye mkojo wa papa, baba yangu. Kikabaki njano. "Papa, figo ni nzima," akasema. Mimi sikutulia.

Kijikaratasi kile huona hasa albumini. Lakini metali ya kadimiamu ikianza kuharibu mirija ya figo, zinazovuja mapema ni protini ndogo ndogo, kama beta-2 mikroglobulini. Hizo hakizioni.

Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya watu 351 wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti, kadimiamu na urani nyingi mkojoni.

Sisi tunaishi ndani ya umbali huo huo. Tunataka albumini na protini zile ndogo zote zipimwe pamoja, kwa kikombe kimoja cha mkojo, hapa Likasi, kabla figo hazijachoka.