Istilahi Zianzie Gereji

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nundu trekta la mjomba lilipogoma. Stata ilivuma bure: meno ya pete ya chuma inayozunguka gurudumu zito la injini yalikuwa yamelika. Mafundi wetu, waliorithi majina ya vipuri kutoka Kifaransa, pete hiyo huiita kuroni. Mjomba akapiga simu Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaagiza kuroni. Muuzaji akasikia "krauni", jina ambalo kwake ni la gia ya difu, na hiyo ndiyo iliyovuka ziwa. Mvua za kwanza zilikuta trekta limetenganishwa vipande viwili na shamba halijalimwa.

Wote wawili walizungumza Kiswahili, tena kizuri. Darasani tungesema kinachokosekana ni istilahi, kisha tungeketi mezani kubuni nomino ya tatu. Mimi nadhani tungeongeza tatizo.

Pete sahihi ilipofika nilimsikiliza fundi. Tundu lake lilikuwa dogo kidogo kuliko kiti chake kwenye gurudumu, lakini hakuigonga. Aliikwangua sehemu moja mpaka iking'aa, akaipasha juu ya makaa huku akiigeuza ipate moto sawasawa.

"Tazama rangi, mwanangu. Ikiwa kama nyasi kavu, itoe. Ikifika bluu, umeua meno."

Rangi hiyo ya nyasi huonekana kwenye nyuzi 220 hivi za Selisiasi. Kwa joto hilo, pete yenye kipenyo cha milimita 400 hutanuka takriban milimita 1, na hiyo inatosha. Akaivisha upesi, akakataza maji. Ilipoa taratibu, ikajibana yenyewe.

Kupasha, kutanuka, kuvisha, kupoa, kubana: kazi nzima ilisemwa kwa vitenzi ambavyo Kigoma na Nundu wanavielewa sawasawa. Kilichotutenganisha ni jina tu. Laiti mjomba angesema "pete ya meno inayovishwa kwenye gurudumu la injini, ile inayosukumwa na stata", asingepoteza msimu.

Najua Tanzania ina BAKITA tangu 1967, na kwamba usanifishaji una faida zake. Lakini orodha ya maneno isiyomfikia fundi haimsaidii, na fundi wa Fizi hajawahi kuulizwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022; mafundi wa pande zote za ziwa sasa wamo katika jumuiya moja, na kamusi zetu bado zinaishia ufukweni.

Napendekeza kitivo kikubali utafiti wa gereji kama kazi halali ya shahada. Twende na vinasa sauti, tuandike kwanza kitu kinafanya nini, kisha majina yake yote, ya Nundu na ya Kigoma, bega kwa bega. Jina sanifu lichaguliwe baadaye, na fundi akiwepo.