Maalieni Wako Ama Hawako? Hilo Swali Tulipeleke Darasani

Unakumbuka ile pete ya chuma iliyoanguka Makueni? Ilikuwa 30 Desemba 2024, mchana wa saa tisa hivi. Wasee wa kijiji cha Mukuku wako kwa shughuli zao, mara chuma kutoka juu, puu! Upana kama mita 2.5, uzito karibu kilo 500. Mitandaoni kila mtu akageuka mtaalamu. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilipofika na kukagua, likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Maalieni hawakuhusika.

Sasa jiulize: mtoi wako angekuuliza siku hiyo "hii kitu imetoka wapi?", ungemjibu aje? Wengi wetu tungempa stori za jaba tulizopata kwa WhatsApp. Na hapo ndipo shida iko.

Mimi nasema hivi: swali la kama kuna maisha kwenye sayari zingine lifunzwe shuleni, na lipewe muda wa kutosha. Uzuri wake ni kwamba jibu bado halijapatikana. Karibu kila kitu kingine mtoi anasoma, ticha tayari ana jibu na mtihani unalingoja. Hapa ticha na mwanafunzi wanaanza sawa, na kinachofunzwa ni jinsi ya kupima ushahidi.

Cheki hii. Aprili 2025, watafiti wakiongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge walisema wameona dalili za gesi inayoitwa dimetili salfaidi kwenye sayari ya K2-18b, miaka 124 ya nuru kutoka hapa. Walitumia darubini ya James Webb. Hapa duniani gesi hiyo hutoka hasa kwa vijimea vidogo vya baharini, kwa hivyo vichwa vya habari vikapiga nduru: maisha yamepatikana!

Polepole, wadau. Watafiti wengine walipochambua data hiyo hiyo walisema dalili ni hafifu mno. Tena gesi hiyo imewahi kupatikana kwenye kimondo chenye mkia, mahali ambapo hakuna kiumbe hata mmoja. Hata kundi lenyewe la Cambridge lilikubali kuwa linahitaji kupima zaidi.

Ama chukua Mars. Julai 2024 gari la NASA la Perseverance lilikuta jiwe lenye madoa kama ya chui, kwenye bonde ambapo maji yaliwahi kupita. Septemba 2025 utafiti ukachapishwa: madini yaliyo kwenye hayo madoa, hapa kwetu mara nyingi huletwa na vijidudu, lakini pia yanaweza kutokea bila uhai wowote. Hiyo "lakini" ndiyo somo lenyewe. Mwanafunzi akiielewa, kesho akiona video ya dawa inayotibu kila ugonjwa, ama mtu anaahidi kuzidisha doh zake mara tatu kwa wiki, atauliza: umepima nini, na kuna sababu gani nyingine?

Najua utasema shule yenu haina hata maabara ya maana, darubini itatoka wapi? Swali poa. Lakini sehemu ya somo hili haihitaji pesa nyingi. Zima taa, washa tochi ya simu, pitisha shanga mbele yake. Mwanga unapungua kidogo. Hivyo ndivyo sayari nyingi za mbali zimepatikana, na kufikia Septemba 2025 zilizothibitishwa zilikuwa zimepita 6,000. Halafu waambie: sayari kama dunia yetu ikipita mbele ya nyota kama jua, mwanga unapungua kwa chini ya sehemu moja kati ya 10,000. Hapo ndipo mtoi anaona kwa nini hesabu si adhabu.

Na kama shule inaweza kupanga safari, usiwapeleke watoi kuogelea tu. Wapeleke Bogoria. Ile chemchemi watu huchemshia mayai ina bakteria wanaoishi raha mustarehe kwenye hilo joto. Maji ya ziwa lenyewe ni magadi matupu, na bado yamejaa vijimea vinavyolisha maelfu ya flamingo. Wanasayansi wanaotafuta maisha angani husoma sehemu kali kama hizi ili wajue uhai unaweza kuvumilia hadi wapi. Wengine huvuka bahari kuja kuona. Sisi tunapiga selfi na kuenda home.

Tena anga si mambo ya wengine. Setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri. Ikaitwa Uhuru. Ni watoi wangapi wa Malindi wanajua hiyo stori?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBE waliingia Gredi ya 10, na serikali inataka wengi wafuate mkondo wa STEM. Sawa. Lakini mtoi hachagui sayansi kwa sababu ya bango la wizara. Huichagua siku swali fulani linamnyima usingizi, na hili lina hiyo nguvu. Tukilinyamazia, TikTok italifunza, na huko hakuna mtu wa kusema "bado hatujui".

Kwa hivyo mzazi, ticha, wewe big bro wa ploti: leo usiku stima zikipotea, toka nje na huyo mdogo wako. Muonyeshe nyota. Akiuliza kama kuna watu huko, usimdanganye na usimkatize. Mwambie bado hatujui, kisha umuulize: tungejuaje?