Bastola ya Kiunoni Yahitaji Ala, Si Mapambo

Mwenzangu mmoja, mhadhiri mwenye leseni halali ya silaha, aliingia afisini mwangu hivi majuzi akiwa na bashasha ya mtu aliyenunua gari jipya. Alifunua koti, akachomoa bastola aliyokuwa ameichomeka ndani ya suruali bila ala yoyote, kisha akaanza kunionyesha jinsi alivyoirekebisha. Kishikio kilikuwa kimebadilishwa. Alama za kulengea ziling'aa gizani. Kifyatulio nacho kilikuwa kimepunguzwa uzito. "Hata kidole cha mtoto chatosha," alisema kwa fahari.

Mwenzangu huyu ana mtoto wa miaka mitano.

Mara mwanafunzi akabisha hodi. Bastola ikarudishwa kiunoni kwa haraka, mdomo wake ukielekea pajani. Mwanafunzi alipoondoka nilimweleza hofu yangu, naye akacheka akanijibu kwa methali: ajali haina kinga.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba raia wapokonywe silaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamruhusu raia kumiliki bastola kwa leseni. Isitoshe, jumba la Westgate liliposhambuliwa tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia ndani kuwaokoa wenzao. Mkenya hawezi kuusahau ushujaa huo. Mnamo Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye leseni wakaguliwe upya, na ilikuwa haki yake kufanya hivyo. Lakini je, baada ya mtu kukaguliwa na kupewa cheti chake, nani hukagua namna anavyoibeba silaha hiyo kila siku, sokoni, kanisani na ndani ya matatu?

Yafaa tufahamu chombo chenyewe. Chukua mfano wa Glock, bastola iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982 na ambayo sasa imeenea duniani kote. Haina kitufe cha nje cha kuifunga. Vizuizi vyake vyote vya usalama vimo ndani yake, navyo hufunguka pale kifyatulio kinapovutwa. Kwa hivyo kifyatulio ndicho mlango na ndicho kufuli. Kiwandani hutengenezwa kivutwe kwa nguvu ya takribani kilo 2.5. Uzito huo si kasoro ya kusahihishwa na fundi wa mtaani. Uliwekwa makusudi. Polisi wa New York walipoanza kutumia bastola hizo katika miaka ya 1990, walitaka springi nzito zaidi, ya zaidi ya kilo 5. Wapo waliolalamika kwamba uzito huo uliwaharibia shabaha, na hoja yao ina mashiko. Hata hivyo, wakubwa wao walijua kwamba mtu aliyeshikwa na hofu hukaza kidole bila kukusudia.

Katika jiji hilohilo, mnamo Novemba 2008, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia katika klabu ya usiku akiwa na Glock isiyo na leseni, ameichomeka kiunoni bila ala. Ilianza kuteleza ndani ya suruali. Akaidaka. Risasi ikampenya pajani. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Hakuna adui aliyemshambulia usiku ule. Alijeruhiwa na kinga yake mwenyewe.

Kama mwanaisimu, nimevutiwa na neno letu "ala". Lina maana mbili: kifuko cha kutilia kisu au upanga, na chombo cha kufanyia kazi. Kwa mbeba bastola, maana hizo mbili hukutana, kwani ala ni sehemu ya chombo chenyewe. Ala njema hutengenezwa kwa kitu kigumu, hufunika kifyatulio chote, na hubaki wazi mdomoni ili bastola irudishwapo isinase shati. Huvaliwa kwa mshipi imara usiolegea. Anayetaka kutumia fedha zake kuiandaa silaha yake na aanzie hapo. Alama za kulengea zinazoonekana vyema zina faida, na kishikio kinachoenea mkononi kina faida pia. Lakini kila badiliko lifanywe na fundi aliyeidhinishwa, kisha mwenyewe aende uwanja wa shabaha akajifunze upya, hadi mkono uzoee na kidole kijue kukaa nje ya kifyatulio.

Aidha, silaha ya kufichwa na ifichwe. Vijana wetu huiita bastola "mguu wa kuku", na mzaha huo hautudhuru. Kinachotudhuru ni yule bwana anayeketi baa na kuliacha koti wazi ili wenzake wauone mguu huo wa kuku. Huyo amemtangazia jambazi mahali pa kuipata silaha, na amewatisha wasio na hatia.

Naiomba Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha iweke masharti ya wazi. Anayeomba au kuhuisha leseni aonyeshe ala yake pamoja na bastola yake, athibitishe kwamba kifyatulio hakijachezewa, na aonyeshe mahali anapoifungia silaha usiku.

Na kwa mwenzangu nina jibu ambalo siku ile sikulipata upesi. Methali uliyonitajia inahusu yale yaliyo nje ya uwezo wetu. Uzito wa kifyatulio chako uko mikononi mwako. Urudishe kama ulivyokuwa, ununue ala, ukanunue na sanduku la chuma lenye kufuli. Wewe mwenyewe ulisema kwamba kidole cha mtoto chatosha.