Kadarka irudishiwe heshima yake

Nikiulizwa Hungaria ijivunie divai ipi, sitaji Tokaji. Nataja Kadarka, zabibu nyekundu ya Szekszárd na Eger. Divai yake ni nyepesi, rangi hafifu, lakini ulimini inachangamka kama pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Naipenda ikiwa na ubaridi kidogo, pamoja na halászlé, mchuzi wao wa samaki uliokolea paprika. Zamani Kadarka ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa Bikavér, divai nyekundu ya mchanganyiko. Enzi ya ukomunisti mashamba ya serikali yakataka mavuno mengi; Kadarka huchelewa kuiva, na ganda lake jembamba huoza upesi kwa kuvu. Ikang'olewa, zabibu ya Kékfrankos ikachukua nafasi yake. Lilikuwa kosa kubwa. Wapo wakulima wanaoipanda upya Szekszárd. Wauzaji wa divai, iagizeni.