Bwana Shamba Anasema: Daftari la Mzee na Kuta za Tumbo

Mwezi huu siandiki habari za alizeti wala za vitunguu. Naandika habari za tumbo. Mkulima anayeumwa tumbo halimi, na mimi mwenyewe nimeumwa tumbo tangu nikiwa chuoni nikisomea cheti cha kilimo.

Tumbo langu lilikuwa likichoma usiku, hasa nikilala na njaa. Nilikunywa maziwa, nikatafuna vidonge vya kupunguza tindikali. Maumivu yakapita, kisha yakarudi. Niliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini. Mwaka jana nilipimwa choo, nikaambiwa nina vijidudu vinavyoitwa Helikobakta pailori.

Vijidudu hivi ni bakteria. Vimejipinda kama skrubu, navyo huishi ndani ya ute unaofunika kuta za tumbo. Zamani madaktari waliamini kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kukaa katika tindikali ya tumbo. Walisema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na pilipili. Mwaka 1982, katika mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuviotesha vijidudu hivi. Watu hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akavinywa yeye mwenyewe! Baada ya siku chache akaanza kutapika, na alipochunguzwa, kuta za tumbo lake zilikuwa zimevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Wala si ugonjwa uliotufikia kwa meli. Mwaka 2007 wataalamu walilinganisha vijidudu vya watu wa mabara mengi. Waliona kwamba vilitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu, yapata miaka 58,000 iliyopita. Wengi wetu huvipata utotoni, mara nyingi ndani ya nyumba, kwa mate, matapishi na mikono yenye uchafu wa choo. Visipotibiwa, kwa kawaida hukaa maisha yote.

Niliyaeleza haya kwenye mkutano wa wakulima hapa Sepuka. Mzee mmoja akasimama. Akasema, "Bwana Shamba, mimi nina miaka sabini. Kama ninavyo, nimezeeka navyo. Dawa ya siku kumi na nne itanisaidia nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe muda niulize." Nikamuuliza daktari, nikasoma. Kisha nikaenda nyumbani kwake kumjibu, na jibu lenyewe nikalikuta humo ndani.

Mzee anaishi katika tembe la zamani. Juu ya boriti amehifadhi daftari alilotumia ujanani katika kisomo cha watu wazima. Alilishusha anionyeshe. Kurasa nyingine zilifunguka vizuri. Nyingine zilikuwa zimeshikana. Maandishi yamo, lakini hayasomeki. Akasema baadhi zimeshikana kwa uzee tu. Lakini zile nyingi za upande mmoja zilishikana masika moja tu, pale panya alipotoboa udongo wa paa na mvua ikaingia.

Ndugu msomaji, karibu kila chembe hai ya mwili wako ina daftari kama hilo. Linaitwa vinasaba. Chembe ya jicho na chembe ya tumbo zina daftari moja, ila kila moja husoma kurasa zake. Kurasa zisizohitajika hufungwa kwa alama ndogo za kemikali ziitwazo methili. Maandishi hayabadiliki, ukurasa tu ndio haufunguki. Elimu ya alama hizi huitwa epijenetiki.

Kadiri mtu anavyozeeka, alama hizi huongezeka mahali pasipotakiwa. Huo ni uzee, kila mtu anao. Lakini mwaka 2006 wataalamu wa Japani walipima kuta za tumbo za watu wazima wenye afya. Wenye vijidudu walikuwa na alama nyingi kuliko wasio navyo. Katika sehemu walizozipima, zilizidi kwa mara 5 mpaka mara 300. Kwa hiyo tumbo la mtu mwenye vijidudu linaweza kuonekana limezeeka kuliko mwenyewe.

Kwa nini jambo hili ni la hatari? Kurasa nyingine huamuru chembe ziache kuongezeka. Nyingine huamuru chembe zishikamane na jirani zake. Kurasa hizo zikifungwa, chembe zinaweza kukua ovyo, na hiyo ni njia mojawapo ya kufikia kansa ya tumbo. Tangu mwaka 1994 vijidudu hivi vimewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya visababishi vya kansa. Usiogope kupita kiasi. Wengi walio navyo hawapati kansa kamwe.

Sasa turudi kwa panya wa mzee. Je, ni panya aliyeshikanisha kurasa, au ni mvua? Wataalamu wa Japani walilipima jambo hili pia, kwa panya wa jangwani, na wakatoa matokeo mwaka 2010. Waliwapa vijidudu, kisha wakawapa baadhi yao dawa ya kuzuia kuta za tumbo zisivimbe. Vijidudu vilibaki palepale, lakini alama hazikuongezeka kama kwa wengine. Kumbe kinachofunga kurasa ni kule kuvimba kunakoendelea mwaka hadi mwaka. Vijidudu ni panya, kuvimba ndiyo mvua.

Hili ndilo jibu nililompa mzee. Ukifukuza panya na kuziba paa, mvua hukoma. Vijidudu vikiisha, kuvimba hupungua, na alama hupungua pia. Ila hazirudi kuwa kama za mtu ambaye hajawahi kuugua. Kurasa nyingine hubaki zimeshikana. Ndiyo maana kijana akitibiwa mapema anapata faida kubwa, naye mzee hakosi faida, ila asiseme amepona akaacha kujiangalia. Mtu anayekonda bila sababu, anayetapika damu, anayetoa choo cheusi kama lami au anayeshindwa kumeza, aende hospitali bila kungoja, hata kama alishatibiwa.

Kuhusu dawa, mimi mwenyewe nilikosea. Niliacha siku ya sita kwa sababu mdomo ulikuwa mchungu na tumbo lilikuwa limetulia. Nilipopimwa tena, vijidudu vipo. Ikabidi nianze upya kwa dawa nyingine. Mimi ninayewagombeza kila mwaka kwa kuchanganya dawa ya josho pungufu mpaka kupe wanazoea! Madaktari wa Bugando, Mwanza, wameshaona vijidudu vya watu wetu visivyosikia klarithromaisini, mojawapo ya dawa zinazotumiwa sana. Usinunue nusu dozi dukani. Ukimaliza dawa, ngoja angalau wiki nne, kisha upime choo tena. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hiyo, maana kinaweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha pona.

Mzee alinisikiliza, akanyamaza kitambo. Mjukuu wake mdogo alikuwa mapajani, naye mzee alikuwa akimtafunia nyama kabla ya kumpa. Akaitoa mdomoni, akaitazama, akamwita mkwewe alete kisu aikate vipande vidogo.

Wiki iliyofuata alipimwa, akakutwa navyo. Leo ni siku ya nne ya dawa, na ameshaanza kulalamika kwamba mdomo ni mchungu. Nikitoka josho jioni nitampitia tuhesabu vidonge.