Si Kweli Kwamba Utani Haufasiriki

Wapo wanaoshikilia kwamba utani ukitolewa katika lugha moja kwenda nyingine hufa njiani. Waende wakakae kwenye kibanda cha video hapa Kampala. Filamu ni ya Kihindi au ya Kichina. VJ, yaani msimulizi wa filamu, ameshika maikrofoni, anaisimulia kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Hafasiri neno kwa neno. Shujaa akinyamaza, yeye humsemea. Adui akikimbia, humzomea. Katika Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010, VJ Emmie anashangilia na kutania kwa Kiingereza juu ya filamu ya Kiganda, na watazamaji wa Marekani na Ulaya wanavunjika mbavu. Utani umevuka kwa sababu mbebaji aliruhusiwa kuusuka upya.

Wengine wanadai maneno si kitu, uso ndio kila kitu, na shahidi wao ni mchekeshaji Anne Kansiime. Basi zima sauti umtazame. Nyusi zinapanda, midomo inabinuka, nawe unatabasamu tu. Washa sauti, ndipo ucheke, maana maneno yana adabu na uso umekwisha kuyakana. Soko la Owino ni hivyo hivyo: mteja akitaja bei ya kutupa, muuzaji hujibu "asante sana", akalikunja shati polepole, akamwinulia jirani nyusi. Mteja mwenyewe hucheka, hata kama ni Mkongo asiyejua Kiganda.

Na dai kwamba kuiga lafudhi ni dharau? Mara nyingine, ndiyo. Mchekeshaji Salvado, mtu wa West Nile, akiigiza lafudhi ya kwao, sioni dharau.

Dai linaloniuma ni kwamba Kiswahili hakichekeshi Uganda kwa kuwa ni lugha ya askari. Historia hiyo ni ya kweli. Enzi za Idi Amin raia wengi walikisikia vizuizini, kikiwa amri, na watu waliteswa. Lakini ndiyo maana mchekeshaji akitunisha kifua na kunguruma "Simama!", ukumbi hucheka kabla hajaongeza neno: sauti iliyowatisha wazazi wao sasa iko mikononi mwao. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kikapendekezwa kiwe somo la lazima shuleni. Mwanafunzi akipewa ngeli peke yake atakipokea kama amri nyingine. Apewe na mizaha yake, pamoja na sauti na macho yanayoibeba.